Redio zilipozimwa Bujumbura: kisa cha 2015 kama kilivyofika Kigoma

Mzee yule, mkimbizi kutoka Burundi, alishuka meli ya MV Liemba akiwa na mjukuu begani, godoro la sponji lililoviringishwa na kufungwa kamba, na redio ndogo ya mkono iliyozungushiwa mpira wa baiskeli kwa sababu kifuniko cha betri kilishapotea. Ilikuwa Mei 2015. Nilikuwa nimejitolea kutafsiri pale Uwanja wa Lake Tanganyika, maana Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana, na kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza: jina, kijiji unachotoka, mmekuja wangapi, nani mgonjwa. Nikaandika. Alipomaliza kunijibu akauliza la kwake, na halikuwa chakula wala turubai.

"Mwanangu, hapa mnapata redio gani?"

Nikamtajia. Akawasha, akazungusha kitufe polepole toka mwanzo hadi mwisho, kila akifika sehemu fulani anasimama, anausikiliza ule mkwaruzo, kisha anaendelea. Nikamwambia labda betri zimekwisha. Akatikisa kichwa. Betri zimechoka, alisema, lakini si hilo. Ni wenyewe hawapo.

Waliokuwa hawapo ni redio nne binafsi za Bujumbura. Radio Publique Africaine, RPA, iliyojulikana kama sauti ya wasio na sauti. Bonesha FM, ambayo hata asiyejua Kirundi anaweza kuinusa maana ya jina lake. Isanganiro, yaani mahali watu wanapokutana. Na Renaissance, iliyokuwa redio na televisheni kwa pamoja. Zilinyamazishwa kwa moto na risasi ndani ya siku mbili, na kwa karibu miaka saba iliyofuata mambo ya Burundi yakajadiliwa Brussels, Washington, New York, Addis Ababa na Arusha. Nimekifuatilia kisa hiki tangu siku ile uwanjani. Nakiandika kwa swali moja: katika yote yaliyofanywa na watu wa nje, ni lipi lililofika kwenye kitufe cha redio ya yule mzee?

Siku mbili za Mei

Kabla ya Mei kulikuwa na Januari. Mkurugenzi wa RPA, Bob Rugurika, alikamatwa Januari 20, 2015, baada ya redio yake kurusha mfululizo wa taarifa kuhusu watawa watatu wa Kiitaliano waliouawa Kamenge Septemba 2014. Mtu mmoja alisikika hewani akikiri kushiriki na kuwataja wakubwa wa usalama. Rugurika alipotoka kwa dhamana mwezi uliofuata, maelfu ya watu walijaa barabarani kumlaki. Tuliozoea kumsikia msomaji wa taarifa ya habari kama sauti tu isiyo na mwili, picha zile zilitushtua. Watu hawampokei mtangazaji namna ile isipokuwa wameona kwamba kazi yake inawalinda.

Serikali nayo ilikuwa imeona hivyo hivyo. Aprili 25 chama tawala, CNDD-FDD, kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Wapinzani walisema Makubaliano ya Amani ya Arusha ya mwaka 2000 yanaruhusu mihula miwili tu. Waliomuunga mkono wakajibu kwamba ule wa kwanza, wa 2005, alichaguliwa na wabunge na si wananchi, kwa hiyo hauhesabiki. Maandamano yakaanza kesho yake. Serikali ilianza na redio mara moja: ikakataza kurusha maandamano moja kwa moja, ikaifunga RPA, na Bonesha na Isanganiro zikakatiwa mitambo iliyokuwa ikizifikisha mikoani. Ukitazama mpangilio huo utaona nia yake. Mjini watu wangeona kwa macho, huko vijijini, Makamba, Rutana, Ruyigi, wasingesikia kitu. Na hiyo ndiyo mikoa iliyokuwa ikipakana nasi wakati ule.

Mei 13 Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika Mashariki, ulioitishwa kwa sababu ya Burundi yenyewe. Jenerali Godefroid Niyombare akatumia redio binafsi kutangaza kwamba amempindua. Usiku ule na kesho yake vikosi vilipigania redio ya taifa kama watu wanaopigania ikulu. Rema FM, iliyokuwa upande wa serikali, ilishambuliwa na waliopinga muhula wa tatu. Kisha waliobaki watiifu kwa rais wakazigeukia zile nne. Mitambo ikaharibiwa, RPA na Renaissance zikaungua. Mei 15 mapinduzi yalikuwa yameshindwa na viongozi wake wanakamatwa. Waandishi wapatao 100 walikimbia nchi.

Hapa nataka kuwa mkweli kuhusu jambo moja, kwa sababu watetezi wa redio zile hulipita haraka. Kutangaza tamko la mwanajeshi anayepindua serikali si jambo dogo, na serikali ililitumia kama ushahidi kwamba redio zilikuwa sehemu ya njama. Lakini RPA ilikuwa imefungwa wiki mbili kabla ya tamko hilo. Adhabu ilitangulia kosa.

Tumesikia kwamba

Kagunga ni kijiji cha wavuvi kaskazini kabisa mwa mwambao wetu, mlima nyuma, ziwa mbele, mpaka wa Burundi ukiuona kwa macho. Wakati ule hakukuwa na barabara ya gari. Ukitaka kuja mjini unapanda boti hadi Kibirizi. Katikati ya Mei makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamebanana kwenye ukanda ule wa mchanga, wakilala wazi, wakinywa maji ya ziwa lilelile waliloogea. Kipindupindu kikaingia. Kufikia Mei 22 watu 31 walikuwa wamefariki, wakiwemo wawili wenyeji wetu, Watanzania. Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, ikawa inawatoa kama 600 kwa safari moja, kutoka Kagunga hadi Kigoma, wanapumzika uwanjani, kisha mabasi hadi Nyarugusu, Kasulu.

Wengi wao walikuwa na sababu za kukimbia hata kama redio zote zingekuwa hewani. Walitishwa na vijana wa chama, Imbonerakure, wengine walionyeshwa orodha, wengine walikumbuka mauaji ya 1993 na hawakutaka kuyasubiri tena. Sisemi redio ndizo zilizowaleta. Nasema nilitafsiri maneno mawili mara nyingi kuliko mengine yote siku zile: "twumvise ko", tumesikia kwamba. Tumesikia kwamba daraja limefungwa. Tumesikia kwamba wanakuja usiku wa leo. Umesikia kwa nani? Kwa jirani. Jirani alisikia wapi? Hapo mtu ananyamaza. Mama mmoja aliacha mahindi yaliyokaribia kuvunwa kwa sababu ya taarifa ambayo shemeji yake, aliyefika siku tatu baadaye, alituambia haikuwa kweli. Wiki tatu nyuma wangewasha Isanganiro saa ya habari wakajua. Mwenye kupima kwa uhakika kati ya kukaa na kukimbia anahitaji mtu wa kumwambia kilichotokea kilima cha pili, na mtu huyo alikuwa amechomewa studio.

Ndiyo maana sisi wa Kigoma hatuwezi kulizungumza suala la uhuru wa habari wa Burundi kama mambo ya watu wa mbali. Linatufikia kwa boti.

Hukumu ya Arusha

Katika kisa chote hakuna kinachonichoma kama tarehe hii. Mwaka 2013 Burundi ilipitisha sheria mpya ya vyombo vya habari, iliyotiwa saini Juni 4. Ilimbana mwandishi kutaja chanzo chake na ikaorodhesha mambo mengi yasiyoruhusiwa kutangazwa. Umoja wa wanahabari wa Burundi haukusubiri Ulaya. Ulichukua nauli ukaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, ukafungua shauri namba 7 la mwaka 2013. Hoja yao ilikuwa ya nyumbani: nchi yetu ilisaini Mkataba wa Jumuiya, Mkataba unadai demokrasia, utawala wa sheria, uwajibikaji na uwazi, na sheria hii inavunja hayo.

Wakashinda. Mahakama ilisema baadhi ya vifungu vinakiuka ibara ya 6 na ya 7 za Mkataba. Hukumu ilisomwa Mei 15, 2015.

Mei 15. Majivu ya RPA yalikuwa bado na joto. Waliofungua kesi, wengine walikuwa mafichoni, wengine njiani. Nawaza mwandishi aliyekaa miaka miwili akingoja siku ile, akaipokea habari ya ushindi wake kwenye simu akiwa kwenye nyumba ya mtu asiyemjua, redio yake haipo.

Hukumu ile ni nzuri. Ibara ya 38 ya Mkataba inaitaka nchi itekeleze hukumu bila kuchelewa. Tatizo ni kwamba baada ya hapo hakuna anayeshika mkono wa nchi. Mahakama haina askari, na wenye uwezo wa kuibana nchi mwanachama, hata kuisimamisha, ni wakuu wa nchi wenyewe. Wakuu hao walikuwa Dar es Salaam siku mbili kabla, wakalaani mapinduzi, na walifanya sawa kulaani. Lakini kuhusu redio zilizoteketezwa, wala kuhusu hukumu ya mahakama yao, hakuna hatua iliyofuata.

Wangeichukua vipi? Hili linatuhusu sisi. Agosti 2016 serikali yetu ililifungia gazeti la Mseto kwa miaka mitatu. Mwaka uliofuata yakafuata Mawio na MwanaHALISI, miezi 24 kila moja. Mahakama ileile ya Arusha ikasema Juni 2018 kwamba kufungiwa kwa Mseto kulikiuka Mkataba, na Machi 2019 ikasema vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka pia. Magazeti yalifunguliwa Februari 2022, Rais akiwa mwingine. Katika hali hiyo nani angenyanyuka kwenye kikao cha Jumuiya amwambie Nkurunziza afungue redio? Mwenye jiko linalofuka hamwambii jirani kwamba anatoa moshi.

Fedha, askari na vikao

Majibu ya walio mbali yalikuwa makubwa zaidi kwa sauti. Umoja wa Afrika uliamua Desemba 2015 kupeleka askari 5,000, Burundi ikasema watahesabiwa kuwa wavamizi, na wakuu wa nchi za Afrika wakaliweka jambo hilo kando mwezi uliofuata. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha polisi 228 Julai 2016. Burundi ikakataa. Oktoba 2017 nchi ikajitoa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mzee Mkapa, aliyepewa kazi ya kuwapatanisha Warundi Machi 2016, alihangaika kwa zaidi ya miaka miwili, serikali ikikataa kuketi na wale iliowatuhumu kwa mapinduzi. Hakupewa nguvu na waliomtuma, na mazungumzo yakafifia bila makubaliano.

Fedha ni habari nyingine, nayo inahitaji kutazamwa kwa utulivu. Umoja wa Ulaya ulikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote: kwa kipindi cha 2014 hadi 2020 ulikuwa umetenga euro milioni 432. Ulianza na watu wanne mwezi Oktoba 2015, ukawazuilia safari na mali. Marekani ikafuata Novemba. Ulaya ikaita serikali mezani kwa mujibu wa mkataba wake na nchi za Afrika, ikataka hatua, na ilipoona hazitoshi ikasitisha Machi 14, 2016 fedha zote zinazopita mikononi mwa serikali. Misaada inayokwenda kwa wananchi kupitia mashirika ikaendelea.

Je, iliuma? Iliuma. Wiki tatu na ushee kabla ya uamuzi ule, Februari 19, 2016, serikali iliruhusu redio mbili zifunguliwe: Isanganiro na Rema FM. Kila moja ilisaini ahadi ya kulinda mizani na kutohatarisha usalama wa nchi. Kwa hiyo anayesema shinikizo la fedha halikufanya kitu amekosea. Lilifungua mlango mmoja, nusu, na aliyeingia aliingia ameshasaini. Mwandishi anayefanya kazi chini ya karatasi ya namna hiyo anajua kila asubuhi kwamba studio aliyorudishiwa ni ya kuazima.

Kisha ikaja bili. Serikali iliyonyimwa fedha za uchaguzi iliamua Desemba 2017 kwamba wananchi wenyewe watachangia uchaguzi wa 2020: faranga 2,000 kwa kaya kwa mwaka, na makato kwenye mishahara ya watumishi. Iliitwa hiari. Waliovuka kuja kwetu miaka hiyo walituambia jinsi hiari ile ilivyokusanywa, na vijana gani walikuwa wanabisha hodi. Sikusudii kusema Ulaya ndiyo iliyotoza. Aliyetoza ni aliyetoza. Lakini ukimnyima mtawala fedha bila kumlinda mwananchi asiyeweza hata kulalamika redioni, unajua fika mkono utakwenda mfukoni mwa nani.

Kilichofika

Mwaka 2016 nilikuwa napita Makere, kijiji kilicho karibu na Nyarugusu, kwa shughuli zangu za mazao. Kulikuwa na kibanda cha kuchajia simu, ubao una misumari, kila msumari na simu na kipande cha karatasi chenye namba. Kijana mwenye kibanda alikuwa na biashara ya pili. Ukimpa memori kadi na hela kidogo anakujazia nyimbo. Na kwa walioomba, alijaza pia taarifa ya habari ya Kirundi ya dakika chache, iliyopokelewa kwa WhatsApp asubuhi ile. Niliomba kusikia. Sauti ya mwanamke, safi, isiyo na haraka, ikitaja mtaa, saa, idadi ya waliokamatwa, na nani amethibitisha na nani amekataa kuzungumza. Ulikuwa utangazaji uleule wa Bujumbura, umevuliwa mnara ukavishwa kadi ndogo kama ukucha. Watu watano tuliinamia simu moja. Aliyekuwa ananyonyesha alimbadilisha mtoto titi bila kuinua kichwa.

Hiyo ilikuwa kazi ya waandishi wenyewe. Wengine walianzisha SOS Médias Burundi siku zilezile za Mei 2015, bila kutaja majina yao, wakipandisha sauti na picha mtandaoni. Waliokimbilia Rwanda wakawa na Inzamba, yaani tarumbeta, na Humura, neno ambalo Mha hahitaji kutafsiriwa: tulia, usiogope. Juu ya hao kulikuwa na idhaa za kigeni za lugha yetu ya maziwa: Gahuzamiryango ya BBC, iliyozaliwa 1994 kuunganisha familia zilizotawanywa na mauaji ya kimbari ya Rwanda, na idhaa ya Kirundi na Kinyarwanda ya Sauti ya Amerika. Upande wetu kulikuwa na Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa 1995 na Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi.

Hapa ndipo hukumu yangu juu ya kisa hiki inaposimama. Serikali ilistahimili kukosa mamilioni ya euro kwa takriban miaka sita. Matangazo machache ya Kirundi kwa siku haikuweza kuyastahimili. Mei 2018, siku chache kabla ya kura ya maoni ya kubadili katiba, ilizisimamisha BBC na Sauti ya Amerika kwa miezi 6. Machi 2019 BBC ikafutiwa leseni kwa sababu ya filamu kuhusu nyumba za mateso, na Sauti ya Amerika ikafungiwa bila kikomo. Uhusiano na Rwanda ulipoanza kupona, moja ya mambo Bujumbura iliyodai ni kunyamazishwa kwa redio za wakimbizi, na mwaka 2021 Rwanda ikaziambia ziache kurusha matangazo kutoka ardhi yake. Unajua mwizi anaogopa nini kwa kutazama anachokivunja kwanza. Walichokivunja kila mara ni kile kilichokuwa kinafika.

Nacho kilikuwa cha bei nafuu kuliko vyote. Mishahara ya waandishi wachache walio uhamishoni, chumba, kompyuta, bando la intaneti. Wafadhili walitoa kidogo kwa kazi hii, kwa vipande, miezi 6 hapa, mwaka pale, huku nguvu nyingi zikienda kwenye orodha za watu wa kuzuiliwa visa. Kama ningeulizwa ningesema gawanyeni kinyume.

Lakini hata njia hii ina mwenye nayo. Machi 2025 serikali ya Marekani iliipunguza Sauti ya Amerika hadi ikanyamaza, na idhaa yake ya Kiswahili ikanyamaza nayo. Kilichokuwa kimefanywa na Bujumbura kwa barua ya marufuku kilikamilishwa na Washington kwa sababu zake za nyumbani, na msikilizaji wa Kibondo au Makamba hakuulizwa. Redio inayoishi kwa hisani ya serikali ya mbali inaweza kuondoka siku serikali hiyo ikibadilika. Ndiyo maana nazidi kuegemea kwenye vile vidogo vya karibu: redio za mpakani, waandishi wanaojua Kiha na Kirundi, na kibali kisichofutwa kwa simu moja kutoka juu.

Namna kilivyofungwa

Nkurunziza alifariki Juni 8, 2020. Évariste Ndayishimiye akaapishwa, na milango ikaanza kulegea. Waandishi wanne wa gazeti la Iwacu, waliokamatwa Oktoba 2019 wakienda Bubanza kuripoti mapigano na kufungwa miaka miwili na nusu, walisamehewa mkesha wa Krismasi 2020. Februari 2021 Bonesha ikaruhusiwa kurudi hewani. BBC ikarudi Machi 2022. Kuna uhusiano wa wazi kati ya haya na haja ya rais mpya ya kurudisha fedha za Ulaya, na sitaki kuwanyima wa nje sifa yao. Waandishi wale wanne walilala kwao.

Marekani iliondoa vikwazo vyake Novemba 2021. Ulaya ikafuata Februari 2022. Ukisoma sababu zilizotolewa utakuta kupokezana madaraka, mageuzi yaliyoahidiwa, uhusiano mwema. RPA haikuwa imerudi. Renaissance haikuwa imerudi. Rugurika na wenzake walikuwa wamehukumiwa kifungo cha maisha bila kuwepo mahakamani, kwa mapinduzi yale ya 2015. Jean Bigirimana wa Iwacu, aliyetoweka Julai 2016, hajaonekana. Na Agosti 2022, miezi sita tu baada ya Ulaya kusamehe, mwandishi wa redio ya mtandaoni, Floriane Irangabiye, aliyekuja nyumbani kutoka Rwanda kuwaona ndugu, alikamatwa. Akapewa miaka 10. Alitoka kwa msamaha wa rais Agosti 2024.

Na Novemba ileile ya 2021, mahakama ya rufani ya Jumuiya pale Arusha ilisema muhula wa tatu wa Nkurunziza ulikiuka Mkataba. Mtu mwenyewe alikuwa kaburini miezi 17.

Shinikizo la nje, kwa hiyo, liliwatoa watu gerezani mmoja mmoja. Mnara wa RPA halikuusimamisha. Nadhani sababu ni kwamba hakuna aliyeandika tangu mwanzo, kwa maneno mepesi, kwamba kikwazo hiki kitaondoka siku redio hizi, kwa majina yake, zitakaposikika tena Makamba. Waliandika demokrasia, wakaandika mazungumzo jumuishi, na maneno makubwa huwa na tafsiri nyingi siku ya kusameheana.

Tangu Oktoba 29, 2025 nakisoma kisa hiki kwa macho mengine. Siku ya uchaguzi wetu intaneti ilikatwa nchi nzima, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa, na hapa Kigoma tulikaa tukiulizana kwa sauti ya chini kuhusu Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, kila mtu akianza na "nimesikia kwamba". Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema waziwazi kwamba uchaguzi ule haukufikia viwango walivyokubaliana, jambo ambalo si kawaida yao. Bunge la Ulaya na Marekani nao wakaanza kuzungumzia fedha na uhusiano. Nimesikiliza yote hayo nikitafuta kama kuna aliyetaja namna mtu wa Buhigwe atakavyopata taarifa siku mtandao ukikatwa tena.

Daftari langu la 2015 bado ninalo, lile la mistari lenye gamba la bluu. Mstari wa yule mzee una kijiji chake, karibu na Nyanza-Lac, idadi ya watu wanne, mgonjwa hakuna. Pembeni nilijiandikia kwa penseli: betri 2 kubwa, kwa sababu alikuwa ameniomba nami nikamwahidi. Nilizinunua Mwanga, hapa hapa Kigoma, jioni ile. Niliporudi uwanjani asubuhi, basi lao lilikuwa limeshaondoka kwenda Nyarugusu.